Mchezaji wa kulipwa ni mwajiriwa, si hazina ya ukoo

JANUARI 13, 2025, timu ya Zanzibar iliifunga Burkina Faso mabao 2-1 katika uwanja wa Gombani, Chake Chake, ikatwaa Kombe la Mapinduzi mbele ya watu wake. Kwa wakaazi wa Vitongoji, Gombani ni jirani. Mtu huenda kutazama mpira na kurudi kwake usiku huo huo. Si ajabu, basi, kwamba furaha ya siku ile imebaki vijijini, na kwamba kijana wa miaka 16 mwenye mguu mzuri sasa haambiliki kitu juu ya mitihani ya kidato cha nne.

Katika kipindi hiki tumekuwa tukiulizwa na wazazi wa Vitongoji na vijiji vya jirani swali moja kwa sura mbalimbali: amekuja mtu kutoka Bara, anamtaka mtoto wetu akacheze mpira wa kulipwa, na anataka jibu upesi, tumpe au tumzuie? Baadhi yao hutaraji tujibu kwa neno moja, halali au haramu. Mpira wenyewe asili yake ni mubaha, maadamu sala hazipotezwi, tupu inasitiriwa na kamari haiingii, na hilo limeshasemwa mara nyingi na wengi. Tunaloliona sisi ni kwamba swali linaulizwa kana kwamba mpira wa kulipwa ni bahati inayoshuka kutoka juu, ilhali ni kazi ya ajira, tena ajira ya muda mfupi na ya kuhamahama. Anayeitazama kama bahati hufumba macho akatia saini. Anayeitazama kama ajira huuliza kwanza.

Kwenye baraza za kahawa jina linalotajwa ni moja, Mbwana Samatta. Ni kweli kijana huyu wa Mbagala alitoka African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi akatwaa nayo ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015, akahamia Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Lakini wanaolitaja jina hilo huishia hapo. Hawasemi kwamba kabla mwaka huo wa 2020 haujamalizika alikuwa tayari Uturuki na Fenerbahçe, kisha akapelekwa Antwerp kwa mkopo, akarudi Genk kwa mkopo, akaenda PAOK ya Ugiriki mwaka 2023 na Le Havre ya Ufaransa mwaka 2025. Huyo ndiye aliyefika mbali kuliko Watanzania wenzake, na hata yeye kwa miaka mitano alikuwa mtu wa kufunga na kufungua masanduku.

Sisi tunaona wazazi wana mengi zaidi ya kujifunza kwa wale waliokuwa chini yake kidogo, kwa sababu huko ndiko mtoto wao, Mwenyezi Mungu akimjaalia, anakoweza kufika. Tumtazame Nizar Khalfan. Alizaliwa Mtwara mwaka 1988, akaonekana akiwa Mtibwa Sugar ya Morogoro, na bado ni kijana mdogo akaenda Kuwait katika klabu ya Al Tadamon. Kutoka Kuwait alirudi nyumbani akacheza Moro United, na mwaka 2009 akachukuliwa na Vancouver Whitecaps ya Canada. Klabu ile ilipoingia katika ligi kuu ya Marekani na Canada mwaka 2011, naye aliingia pamoja nayo, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Mwisho wa mwaka huo huo klabu ikamwacha. Philadelphia Union ikamchukua kwa utaratibu wa ligi ile, ambao huiruhusu klabu nyingine kumdai mchezaji aliyeachwa. Hakudumu huko, na mwaka 2012 akarejea nyumbani akavaa jezi ya Yanga. Alikuwa hajatimiza miaka 25, ameshapita klabu sita katika mabara matatu. Baadaye aliendelea na klabu nyingine za nyumbani, kisha akaingia katika ukocha.

Hakuna la aibu katika safari hiyo. Ni safari ya mtu aliyefanya kazi kwa mikono na miguu yake, akala halali yake. Tunaitaja ili mzazi aone umbo lake: mwaka hapa, mwaka na nusu pale, na uamuzi wa kubaki au kuondoka mara nyingi hauko mkononi mwa mchezaji. Mwaka ule ule wa 2009 Vancouver ilimchukua pia beki wa Kizanzibari, Nadir Haroub, ambaye mashabiki wanamwita Cannavaro. Yeye alirudi Yanga na kukaa huko hadi alipostaafu kucheza mwaka 2018, akawa meneja wa timu. Wawili waliondoka katika kipindi kimoja kwenda mji mmoja. Mmoja riziki yake ilikuwa katika kuhama na mwingine katika kutulia, na hakuna wakala wala kocha aliyeweza kuwaambia mapema ni yupi atakuwa wapi. Mwenzao Abdi Kassim, maarufu Babi, naye Mzanzibari, ndiye aliyefunga bao la kwanza katika Uwanja wa Taifa mpya wa Dar es Salaam mwaka 2007, uwanja ambao siku hizi unaitwa Benjamin Mkapa. Safari yake ilimpitisha Mtibwa Sugar, Yanga na Azam, na nje ya nchi ikamfikisha Long An ya Vietnam na UiTM ya Malaysia. Bao lile linakumbukwa. Vietnam na Malaysia wachache wanazikumbuka, lakini huko ndiko kazi ilikokuwa.

Watu wa Pemba hawahitaji kufundishwa na mtu maana ya maisha ya namna hiyo. Mvuvi anayekwenda dago huacha nyumba yake na kumfuata samaki katika pwani ya wenyewe, hulala katika kibanda kisicho chake, na anajua kwamba upepo utageuka na atarudi. Tena, kabla chombo hakijang'oa nanga, kila baharia anajua fungu la chombo ni lipi, fungu la nyavu ni lipi na fungu la watu ni lipi. Hakuna mzee wa Vitongoji atakayemruhusu mwanawe aende dago na nahodha asiyejulikana ambaye hataki kutaja mafungu. Mzee huyo huyo, tunasikitika kusema, huweza kumruhusu mwanawe apande boti Mkoani na mtu aliyemjua wiki iliyopita, akiwa na karatasi ya kurasa sita kwa lugha ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeisoma nyumbani.

Chama cha kimataifa cha wachezaji wa kulipwa, FIFPRO, kilitoa mwaka 2016 ripoti ya uchunguzi uliowahusisha wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54. Ilionekana kwamba wachezaji 41 katika kila 100 walikuwa wamecheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia, na kwamba 45 katika kila 100 walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Wastani wa muda wa mkataba haukufika miaka miwili. Hao ni watu waliokwishafika, wenye klabu na mkataba. Hawakuhesabiwa wale waliorudishwa baada ya majaribio, wala walioumia goti wakiwa na miaka 19.

Sasa tuingie katika mkataba, kwa kuwa hapa ndipo sheria ya dini yetu ina maneno ya wazi. Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamuru waumini watekeleze ahadi na mikataba yao, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kushuhudisha. Wanazuoni wa fiqhi wanapozungumzia ijara, yaani kuajiri, huweka sharti kwamba kazi ijulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane. Palipo na ujinga katika mojawapo, mkataba una kasoro. Kwa mchezaji wa mpira maana yake ni nyepesi kuielewa. Mshahara wa mwezi ni kiasi gani, na ile fedha ya usajili italipwa yote siku ya saini au kwa mafungu? Akiumia, nani anamtibu na mshahara unaendelea kwa muda gani? Nyumba na chakula ni juu ya klabu au juu yake? Klabu ikimpeleka kwingine kwa mkopo, nani anamlipa? Na akitaka kuondoka kabla ya muda, mlango uko wapi na bei yake ni ipi? Ahadi ya mdomo kwamba "hayo tutayazungumza ukifika" haiingii katika hesabu.

Suala hilo la mwisho, la kuondoka, lilitikisa nchi nzima si muda mrefu uliopita. Feisal Salum, kijana wa Zanzibar aliyepitia JKU kabla ya kujiunga na Yanga mwaka 2018, aliamua Desemba 2022 kuuvunja mkataba wake na klabu hiyo, akaiwekea katika akaunti shilingi milioni 112 akiamini kwamba mkataba unampa haki hiyo. Yanga ikakataa. Kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na alipoomba uamuzi uangaliwe upya hakufanikiwa. Miezi ikapita akiwa nje ya uwanja, katika umri ambao mchezaji huwa katika nguvu zake. Suala lilimalizika Juni 2023 baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuwaomba viongozi wa Yanga hadharani walimalize, na mchezaji akahamia Azam kwa makubaliano ya klabu mbili.

Hatuandiki kumlaumu kijana yule wala klabu ile. Kila upande ulishika karatasi ile ile na kuisoma kwa namna yake. Wanazuoni wa Kishafi wanaihesabu ijara kuwa ni mkataba wa lazima, ambao upande mmoja hauuvunji peke yake bila ya sharti waliloafikiana. Mahanafi wameacha mlango wa udhuru. Lakini wote wanakutana katika jambo moja, kwamba sharti likiandikwa kwa utata, ugomvi umeshaandikwa ndani yake. Mchezaji mwenye jina alipata Rais wa nchi wa kumsemea. Kijana wa Vitongoji aliyesajiliwa na klabu ya daraja la kwanza hatampata. Kwake yeye mwanasheria wa kusoma karatasi kabla ya saini, hata akilipwa kwa mchango wa ukoo, ni gharama ndogo.

Iko pia haki ambayo wachezaji wetu wengi hawaijui. Kanuni za FIFA tangu mwaka 2018 zinasema kwamba klabu isipomlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria, naye akaiandikia barua na kuipa siku zisizopungua 15, na bado isimlipe, ana sababu ya haki ya kuuvunja mkataba. Kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 mkataba hauruhusiwi kuzidi miaka mitatu. Na tangu mwaka 2023 wakala wa wachezaji lazima awe na leseni aliyoipata kwa kufanya mtihani wa FIFA; anayedai ni wakala aombwe leseni yake kwa adabu, na akikasirika, hilo ni jibu tosha. Anayetaka familia itoe kwanza fedha za viza na za "majaribio ya Ulaya" apishwe njia. Uwakala katika dini yetu ni amana, na wakala hali kwa pande mbili kwa siri.

Tukitoka kwa wakala, tuje nyumbani, ambako pengine ndiko kugumu zaidi kusema. Kijana akishapata mshahara wake wa kwanza wa maana, huwa amegeuka hazina ya ukoo. Bati la nyumba ya mjomba, harusi ya binamu, deni la dukani, ada ya watoto wa dada, vyote humngojea yeye. Kuwatazama wazazi ni wajibu wake, na kuwaunga jamaa ni ibada. Hatumpunguzii mtu daraja hiyo. Lakini mali ile ni ya kijana, ameitolea jasho, na muda wake wa kuitolea jasho hauvuki miaka kumi na mitano, mara nyingi hata kumi haufiki. Mwalimu au mkulima wa karafuu akiwa na miaka 33 ndiyo kwanza anakomaa. Mchezaji katika umri huo anarudi nyumbani kuanza upya. Mzazi mwenye busara humwambia mwanawe mapema: kiasi hiki ni chetu kila mwezi, kilichobaki nunua shamba au weka. Na amuulize kama klabu inamchangia katika mfuko wa NSSF, kwa sababu mchezaji wa kulipwa ni mwajiriwa kama karani, na sheria ya mfuko huo inataka mchango wa asilimia 20 ya mshahara, ambamo mwajiriwa hakatwi zaidi ya asilimia 10. Tumeona wachezaji wa zamani, watu walioimbwa majukwaani, wakichangiwa fedha za matibabu. Kama michango hii ingepelekwa ilipokuwa zamu yake, baadhi ya michango ile isingehitajika.

Kwa wale wa miaka 16 na 17 rai yetu haina mzunguko. Amalize kidato cha nne. Dirisha la usajili hufunguliwa mara mbili kila mwaka, na klabu inayomtaka kweli itamtaka pia baada ya mitihani. Isitoshe, kijana anayesoma na kuandika vizuri ndiye atakayesoma mkataba wake mwenyewe akiwa Vietnam au Kuwait, mahali ambapo baba hayupo wala ami hayupo.

Tena hapa Zanzibar tunayo njia nyingine ambayo vijana huidharau kwa kuwa haina makelele. Klabu kadhaa za ligi yetu ni za vikosi vya Serikali ya Mapinduzi: KMKM, JKU, Zimamoto, Mafunzo. Anayecheza huko akaajiriwa kikosini ana kazi yenye daraja na kiinua mgongo, na goti likiharibika bado ni mtumishi. Fedha yake ya mwezi haifanani na ya Azam au Simba, ni kweli. Lakini wazazi waiweke mezani pamoja na zile ofa za Bara na kuzilinganisha kwa miaka ishirini badala ya miwili. Feisal alipita JKU, na hakuna aliyesema kwamba kulimchelewesha.

Liko jambo la kamari, na hatuwezi kuliruka. Kampuni za kubashiri zimekuwa wadhamini wakubwa wa mpira nchini. SportPesa iliingia Yanga na Simba mwaka 2017, na mwaka 2022 Simba ikaingia mkataba na M-Bet. Mchezaji Muislamu anayevaa jezi ile hakuitengeneza wala hakuichagua, na tunajua kwamba kumwambia aache klabu zote zenye nembo hizo ni karibu sawa na kumwambia aache kazi. Frédéric Kanouté, alipokuwa Sevilla ya Hispania mwaka 2006, aliifunika nembo ya kampuni ya kamari kifuani mwake. Lakini Kanouté alikuwa mshambuliaji ambaye klabu haikuthubutu kumpoteza. Kijana wa kwanza msimu hana nguvu hiyo. La uhakika ni kwamba asikubali kuingia mwenyewe katika matangazo yao, asibashiri, na sharti la kutolazimishwa kupigwa picha za kampuni hizo liandikwe katika mkataba wake pale inapowezekana. Juu ya jezi yenyewe, wanazuoni wetu wa Unguja na Pemba wakae na viongozi wa mpira walizungumze, kwa kuwa si haki mzigo huu kuachiwa mtoto wa miaka 19 peke yake.

Na vipo vilabu vyetu vidogo, vya Vitongoji na kwingineko, vinavyowalea watoto hawa bila ya kulipwa chochote. Kanuni za FIFA zimeweka fungu kwa ajili yao: mchezaji anapouzwa kimataifa kabla mkataba wake haujamalizika, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Akiuzwa kwa shilingi milioni 100, klabu iliyomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi ule wa miaka 17 fungu lake ni shilingi milioni 2, na fungu hilo hurudi kila anapouzwa tena namna hiyo. Ugumu wetu ni kwamba Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Hata uanachama wa CAF tulioupata Machi 2017 uliondolewa Julai mwaka ule ule, kwa hiyo madai ya namna hii hayana budi kupita TFF. Lakini kabla ya kufika huko kote, klabu lazima ithibitishe kwamba kijana alikuwa kwake, tangu lini mpaka lini, na alisajiliwa kwa jina gani na tarehe gani ya kuzaliwa. Klabu nyingi za vijijini hazina hata daftari. Tunawaomba viongozi wa klabu za Chake Chake waanze na hilo kabla ya msimu ujao: jina kamili la kila mtoto kama lilivyo katika cheti chake cha kuzaliwa, tarehe aliyojiunga, tarehe aliyoondoka, saini ya mzazi na muhuri wa klabu, na nakala moja iwekwe katika ofisi ya chama cha mpira cha wilaya.